Panda kwa Bei Chee, Shuka kwa Heshima

Abiria wa kiti 34A na wa 34B wanakula wali uleule, wanabanwa magoti sawasawa na wanatua dakika ileile, ila mmoja wao huenda kalipa nusu tu ya alicholipa mwenzake. Viti vyao havitofautiani. Kinachopandisha bei ni haraka ya mtu, uvivu wake na majivuno yake, na mashirika ya ndege yana kompyuta za kunusa vyote vitatu. Basi ndugu yangu, kazi yetu ni kuvificha mpaka tiketi iwe mkononi. Ukishaipata, jivune upendavyo.

1. Usimtangazie mtu tarehe

Wengi hupigwa bei hapa, kabla hata hawajashika simu. Umeshamwambia shangazi, umeshaaga kazini, umeshaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba unaruka tarehe 18 Desemba. Ukikuta tarehe 9 ina nafuu ya dola 300 unaona aibu kubadilisha, na aibu hiyo unailipia. Sema "mwishoni mwa mwaka, Mungu akipenda", kisha nyamaza. Fungua Google Flights au Skyscanner, uangalie kalenda ya mwezi mzima badala ya siku moja.

Miezi ya kuogopa inajulikana: katikati ya Juni hadi Agosti, shule za Ulaya na Ghuba zikifungwa, na kuanzia wiki ya pili ya Desemba hadi sikukuu ziishe. Mwishoni mwa Januari hadi Machi bei hulegea, kipindi cha masika hulegea, na Oktoba hadi katikati ya Novemba vilevile. Angalia pia umati unaelekea wapi. Desemba ndugu zetu wa London, Toronto na Minneapolis wanamiminika nyumbani, na ndege zilizowaleta zinarudi Ulaya zikiwa na nafasi. Anayehama, asiye na haja ya kurudi Januari, apande hapo.

Ule uvumi kwamba tiketi hununuliwa Jumanne usiku wa manane, achana nao. Siku ya kununua haina uzito. Siku ya kuruka ndiyo yenye uzito, na katikati ya wiki kwa kawaida huwa nafuu kuliko Ijumaa au Jumapili.

2. Usingoje bei ya jioni

Samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, hushuka bei jua likizama kwa kuwa kesho ataoza. Kiti cha ndege hufanya kinyume: siku ikikaribia kinapanda, kwani shirika linajua anayenunua wiki ya mwisho ni mfanyabiashara anayelipiwa na ofisi, au mtu aliyefiwa, na wote wawili hawana ujanja. Nunua miezi miwili hadi minne kabla. Kwa safari ya Desemba, anza kutafuta Julai. Weka tahadhari ya bei kwenye simu ikuletee ujumbe, wewe uendelee na shughuli zako.

3. Familia isijitokeze yote kwa pamoja

Ujanja huu naupenda kuliko wote, na watu wachache wanaujua. Viti vya daraja la kawaida ndani ya ndege moja vimegawanywa kwenye makundi ya bei, kila kundi na herufi yake. Tuseme kundi la chini limebakiwa na viti 3 vya dola 520, na kundi linalofuata ni la dola 690. Ukiandika abiria 4, mfumo kwa kawaida hutafuta kundi lenye nafasi ya wote wanne. Lile la 520 halina, kwa hiyo wote mnatozwa 690, jumla dola 2,760. Sasa rudi nyuma, andika abiria 3, halafu mmoja peke yake. Unalipa 1,560 kwa watatu na 690 kwa mmoja, jumla 2,250. Dola 510 zimebaki mfukoni kwa kubadilisha tarakimu moja kwenye kisanduku.

Kwa hiyo kila unapotafuta, anza na mtu 1, kisha 2, kisha 3, uone bei inaruka wapi. Mkishanunua kwa mafungu, pigeni simu kwenye shirika waziunganishe nafasi zenu, ili ndege ikiahirishwa msitawanywe.

Na kuna huyu mdogo wa kupakatwa. Kwenye safari za kimataifa, mtoto wa chini ya miaka 2 asiyekalia kiti hulipiwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 mkiwa bado ughaibuni, wakati wa kurudi anadaiwa kiti chake. Rudini kabla ya keki.

4. Usione haya kuanza na basi

Nairobi inagombaniwa na Kenya Airways, Ethiopian, Qatar, Emirates, Turkish, KLM na British Airways, mbali na Air Arabia inayokwenda Sharjah. Wanapogombana, wewe ndiye unayefaidi. Mtu wa Arusha ana uwanja wa Kilimanjaro karibu na mlango wake, lakini aangalie na bei ya Nairobi kabla ya kulipa, maana basi dogo la kupitia mpaka wa Namanga linamfikisha kwa saa tano au sita. Mtu wa Goma avuke mpaka aangalie bei za kutokea Kigali. Wa Dar apime mwenyewe kama nafuu ya Nairobi inalingana na usiku mzima barabarani. Picha ya safari hupigwa uwanja wa ndege, stendi haionekani. Ila fika mji huo siku moja kabla, kwani ukichelewa kwa sababu ya basi hakuna shirika litakalokuhurumia.

Walioko Uingereza nao wana la kwao. Anayeondoka huko kuja Dar au Mombasa hutozwa ndani ya tiketi kodi ya abiria inayozidi pauni 80, hata kwenye daraja la kawaida. Watoto wa chini ya miaka 16 wa daraja hilo wamesamehewa, kwa hiyo kagua hesabu yako. Ireland iliifuta kodi ya namna hiyo mwaka 2014. Mwenye pasi ya Uingereza alinganishe nauli ya kuanzia Dublin. Mwenye pasi ya kwetu na kibali cha ukaazi tu aulize viza ya Ireland kwanza.

5. Transiti ya bei chee yenye mlango uliofungwa

Hapa punguza mbio, maana hapa ndipo nafuu huliwa yote. Mwenye pasi ya Kongo, ya Kinshasa, anatakiwa kuwa na viza ya transiti hata kama habanduki ndani ya uwanja wa nchi za Schengen, isipokuwa ana viza au ukaazi wa nchi fulani kama Marekani. Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wote wamo kwenye orodha ya Uingereza ya wanaohitaji viza ya transiti, nako kuna misamaha kwa wenye viza za nchi kama Marekani na Kanada. Marekani yenyewe haina transiti ya kukaa ndani: kila anayepita lazima apite uhamiaji, na mwenye pasi ya kwetu awe na viza. Tiketi inayopita London ikiwa nafuu kwa dola 80, na wewe huna karatasi hiyo, utazuiwa dawatini hapahapa nyumbani mbele ya waliokusindikiza. Pita Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul.

Transiti ndefu isikutishe. Ethiopian huwapa hoteli baadhi ya abiria wanaokaa muda mrefu Addis Ababa kwa masharti yake, basi uliza kabla ya kulipa. Turkish ina ziara ya bure ya mji kwa wanaosubiri Istanbul kati ya saa 6 na 24, kama pasi yako inakuruhusu kutoka nje. Umelipa nauli ya chini na umepata picha mbele ya misikiti ya Istanbul. Tuma kwenye kundi la ukoo bila maelezo.

6. Anayehama asinunue kama mtalii

Kama unakwenda kusoma, taja hilo kabla ya jambo lolote. Mashirika mengi yana nauli za wanafunzi, na utamu wake uko kwenye kilo za ziada kuliko hata kwenye bei. Kama unahamia kwa viza ya kudumu, uliza ofisi ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambalo lina mikataba ya nauli za wahamiaji na mashirika ya ndege: kwenda tu, mizigo zaidi, tarehe zinazobadilishika.

Ukikosa hayo, linganisha bei ya kwenda tu na ya kwenda na kurudi. Kwenye mashirika makubwa mara nyingi utakuta ya kwenda na kurudi ndiyo nafuu. Nunua hiyo, weka kurudi kwako mbali kadiri tarehe zinavyoruhusu, utumie nusu ya kwanza. Tiketi nyingi huishi mwaka mmoja, na huenda ukaongeza kidogo ukaja kusalimia. Mashirika hayapendi uiache ile nusu ya pili, basi usifanye mazoea. Lakini usiache kamwe kipande cha kwanza, maana vyote vinavyofuata vinafutwa.

Na wewe binti unayekwenda kazi za nyumbani Muscat au Riyadh, sikiliza vizuri. Kwa mkataba wa kawaida tiketi yako hulipwa na mwajiri. Wakala anayekudai nauli wakati mwajiri ameshatoa anakula mara mbili, na jasho analokula ni la mama yako aliyeuza mbuzi. Usilipe. Dai kuuona mkataba.

7. Hesabu tarakimu

Wakala mzuri wa mjini ni hazina. Anaweza kukushikia nafasi bila malipo ukiwa bado unasubiri viza, na kwa viza nyingi nafasi hiyo iliyoshikwa inatosha, huna haja ya kulipa kabla ya kujibiwa. Lakini kushikiwa nafasi na kuwa na tiketi ni vitu viwili. Karatasi utakayopewa ina herufi na namba sita: hiyo ni nafasi tu, inaweza kufutika usiku uleule. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13. Za Ethiopian huanza na 071, za Kenya Airways 706, Qatar 157, Emirates 176, Turkish 235. Ukishatoa pesa, simama hapohapo, hesabu tarakimu, kisha ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe ulione jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Hazipo 13? Usiondoke dukani.

Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani kuna zawadi nyingine. Sheria ya huko inalitaka shirika likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila faini, au likushikie bei hiyo kwa muda huohuo, ukinunua kwao moja kwa moja siku 7 au zaidi kabla ya safari. Likiwa ni shirika la kufuta, kamata bei nzuri leo, lala, endelea kutafuta kesho asubuhi.

8. Mzigo na jamaa

Pima begi nyumbani, si uwanjani. Vaa koti zito na viatu vizito, weka vitabu mfukoni. Begi la mkononi kwa mashirika mengi ni kilo 7, na wanapima kweli.

Jamaa watakuja na dagaa, unga na bahasha za binamu. Usigombane nao. Waambie shirika limeruhusu begi moja tu, lawama iende kwa shirika, lina mabega mapana. Kifurushi kilichofungwa ambacho hukukiona kikifungwa usikibebe, hata kiwe cha shemeji.

Fika uwanjani masaa matatu kabla. Dawati la safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na tiketi ya bei chee hairudishiwi pesa.