Dirisha la Mninga

Ijumaa, Mpanda

Likizo yangu ya siku 28 imeanza leo, na mke wangu ameshaimaliza. Mama yake ana vyumba vitatu vya ghorofani katika nyumba ya urithi pale Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Masika yamevitesa. Dirisha moja limeoza, na mama mkwe anasema dari linavuja. Wanaume wengine wa ukoo wako Muscat. Mimi niko Mpanda, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, kwa hiyo nikaonekana ndiye niliye karibu.

Nilitaka kupeleka dirisha la alumini. Shemeji akanipigia simu kunieleza kwamba mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na alumini haiguswi. Nikamwambia vizuri, basi mbao. Katika jambo la mbao watu wa Katavi hatutishwi na mtu. Nikamwendea fundi wa Makanyagio akanichongea dirisha la mninga, panda mbili, sentimita 90 kwa 120, limenyooka kama hati ya mkopo. Vipimo alinitumia shemeji. Sikumuuliza alikuwa anapima nini.

Kwa dari nimetenga fedha ya karatasi mbili za jipsamu. Hesabu yangu ni safi sana, nimeiandika kwa wino.

Jumamosi, njiani

Konda alilitazama dirisha, akanitazama mimi, akauliza nani kati yetu anasafiri. Limelipiwa karibu sawa na nauli yangu. Lenyewe lilisafiri limelala.

Inyonga nilinunua dumu la asali, lita tano, zawadi ya mama mkwe. Mtu hatoki Katavi kwenda ukweni mikono mitupu. Kizuizini wakaniuliza kama dirisha ni zao la msitu au ni samani. Mjadala ulikwenda mbali, abiria wakachangia, mama mmoja mwenye kuku akasema ni samani. Risiti ya fundi ikamaliza kesi. Mama mwenye kuku hakuulizwa risiti.

Tulipofika Dodoma, asali ilikuwa imeanza safari yake binafsi ndani ya begi la nguo.

Jumatatu, Zanzibar

Jumapili nilifua nguo Dar es Salaam. Asali haitoki kwa maji baridi. Haya ndiyo niliyojifunza Jumapili.

Boti imenishusha Malindi saa tano asubuhi. Gari haliingii kwenye vichochoro vya Kiponda, kwa hiyo nilikodi rikwama. Mheshimiwa dirisha akapanda rikwama. Mimi nikafuata nyuma kwa miguu, nimeinamisha kichwa, nimekumbatia dumu. Watu wawili walinipa pole.

Ngazi za nyumba ni nyembamba, na zinakata kona katikati kama mtu aliyekumbuka kitu. Dirisha halikukata kona. Likateremshwa, likafungwa kamba, likavutwa kutokea kichochoroni huku vijana sita wakivuta na wazee tisa wakielekeza. Mzee mmoja alikuwa anaelekeza upande wa nyumba nyingine.

Mama mkwe alinipokea kwa heshima zote. "Pole na safari, mkwe wangu. Asali yenyewe hii tu?" Nikamwambia nyingine iko kwenye mashati.

Jumanne

Leo fundi amekuja. Mzee wa makamo, kofia ya viua, mwiko mmoja, maneno machache. Tumeliweka dirisha penye tundu lake. Kushoto urefu ni 121, kulia 117. Juu upana ni 92, chini 88. Shemeji, aliposhikwa, akakiri kwamba alipima dirisha la chumba cha pili kwa sababu la kwanza lilikuwa juu ya kabati.

Nikadai labda ni ukuta uliokosea. Nikatundika timazi. Ukuta wa mashariki umeinama kwa ndani, wa magharibi kwa nje, na sakafu inateremka kuelekea msikitini. Katika chumba kizima kitu pekee kilichosimama wima ni timazi, nayo ni ya kuazima.

Fundi hakushtuka. Ukuta una unene wa zaidi ya nusu mita, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Akaukwangua kwa ukucha, ukamwaga unga mweupe kwenye kiatu changu. "Nyumba hizi zinakaa zinavyotaka," akasema. Nami nilikuwa nimevaa viatu vya sherehe.

Nilikuwa tayari nimenunua mifuko miwili ya saruji. Alipoiona alikaa kimya kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ajali. "Mwanangu, ukuta huu unavuta pumzi. Maji yanaingia, yanatoka. Ukiupaka saruji umeuziba pua. Maji yatabaki ndani, na siku moja utauona wote uko chini." Kwa hiyo ni chokaa. Na chokaa haichukuliwi dukani leo ikapakwa leo, hulowekwa shimoni ikakaa mpaka ikalainika. Nikauliza ikae siku ngapi. Akanicheka kwa upole, ndipo nikajua kwamba kipimo si siku.

Saruji imeshushwa barazani. Wazee wanaikalia jioni. Wanasema ni laini kuliko jiwe.

Jumatano

Kumbe hata kuweka dirisha jipya penye dirisha bovu kunataka kibali. Kwenye ofisi ya vibali nilipokewa vizuri kabisa. Kijana mwenye adabu akanieleza kwamba nahitaji barua ya maombi, picha za ukuta kabla ya kazi, mchoro, na uthibitisho wa umiliki, vyote nakala tatu. Hakuna hata moja la kumlaumu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Kwenye kibanda cha kutoa nakala nilikuta foleni. Nimezaliwa Katavi, foleni naijua. Wakati wa kiangazi viboko wa Ikuu hujazana mamia kwenye tope la mto Katuma, mgongo kwa mgongo, na bado kila mmoja anajua nafasi yake. Hapa mbele yangu walikuwa wanafunzi wanne, bwana mwenye kitabu kizima, na bibi aliyetaka nakala ya picha ya harusi. Ilipofika zamu yangu umeme ukakatika. Bibi wa harusi alirudi kulalamika kwamba bwana harusi ametoka mweusi tii.

Nilirudi nyumbani nikauliza fundi yuko wapi. "Yuko darini," akasema mama mkwe. Nikachukua ngazi nikatafuta tundu la kuingilia juu ya silingi. Hakuna silingi. Kwetu Mpanda dari ni kile kibao kinachoficha mabati. Huku dari ni ghorofa yenyewe, na juu yake tena. Aliposema dari linavuja, alimaanisha nyumba ya juu yote, pamoja na chumba nilichopewa kulala. Hesabu yangu ya jipsamu mbili bado ipo. Wino haufutiki.

Alhamisi

Nyumba ni ya warithi kumi na mmoja. Uthibitisho wa umiliki unataka wote waridhie. Kuna kundi la simu la familia, nikaingizwa humo saa moja asubuhi. Kufikia adhuhuri Muscat ilikuwa imetoa maoni 43. Mmoja anataka pabomolewe pawekwe roshani. Mmoja anakumbuka dirisha lile lilikuwa la rangi ya kijani. Mwingine anasema lilikuwa la buluu, na kwamba marehemu babu ndiye shahidi. Nilipoandika gharama ya chokaa, kundi likatulia mpaka Isha.

Jioni nilikwenda kunywa kahawa Jaws Corner, penye wazee, bao na kashata. Nikatoa hoja kwamba mambo haya yamezidi, nyumba imepewa haki kuliko mwenyewe. Kwetu kitu cha kale kinacholindwa nakijua. Tuna mkwaju karibu na ziwa Katavi ambao unasemwa ndimo inamokaa roho ya Katabi, mwindaji wa zamani. Watu huuwekea sadaka na kupita kwa adabu. Lakini mkwaju haudai nakala tatu.

Mzee mmoja akaniuliza kama nimepita Forodhani. Nimepita. Nimeliona Beit el-Ajaib? Nimeliona. Jumba la mwaka 1883, akasema, la Sayyid Barghash, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ulimwagika chini mchana kweupe, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Watu wawili walikufa. Baraza lote likatazama vikombe. Sikusema tena habari ya saruji. Nilikuwa nimekalia mfuko wake, maana wazee wa barazani wameanza kutembea nayo.

Ijumaa

Ijumaa hakuna kazi baada ya sala. Kabla ya sala pia haikuwapo. Nimekula urojo nikamwagia shati pekee lisilo na asali.

Jumamosi

Fundi amefungua kipande cha dari ili tuone ugonjwa. Tumeuona. Boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyoshindiliwa, na boriti nne zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Nikachomeka kidole, kikaingia mpaka kwenye pete ya ndoa. Fundi akasema boriti zamani zikija kwa majahazi kutoka Rufiji, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo maana kitanda changu kinagusa kuta mbili. Nilidhani ni ubaya wa mama mkwe.

Nikapendekeza mbao za mninga kutoka Mpanda, ndefu, nzito, zisizojua mchwa. Akafikiri sana. Akasema mninga ni mti mzuri, anauheshimu, lakini ukuta huu umezoea mikoko. Nilimwangalia usoni kuona kama anatania. Alikuwa anafuta mwiko.

Kibali cha dirisha, kijana mwenye adabu amepiga simu, kinaweza kupatikana, ila dirisha lifuate umbo la tundu. Yaani lipindwe. Fundi seremala wa hapa yuko tayari kulipunguza kulia sentimita tatu na kushoto kuliongeza moja, na chini kulibana. Nililichongesha mstatili kamili. Sikuweza kutazama, nikashuka chini.

Chini anakaa bi mkubwa mmoja mwenye kuku saba uani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mkwe wetu. Lile dirisha lako mnalifanyia nini?" Nikamweleza. Akasikitika sana. Akasema kupinda kitu kizuri ni dhambi, akauliza kama anaweza kuliazima mpaka kibali kitoke. Sasa limesimama kati ya ua na jiko, panda moja inafunguka asubuhi, moja jioni. Limekaa pima maji kabisa. Jogoo analala juu yake.

Jumapili

Nimehesabu. Zimepita siku kumi, zimebaki 18. Fundi ameloweka chokaa shimoni na kuifunika kwa gunia. Anasema nisiifunue funue, nije Oktoba.

Nimemwandikia fundi wa Makanyagio achonge dirisha la pili, lililopinda. Ameuliza kama mimi ni mzima. Nimemwomba shemeji alipime tena tundu, safari hii lile lenyewe, vipimo vyote vinne. Amejibu baada ya saa moja. Ameandika: 90 kwa 120.