Utetezi wa Kalipa Nyekundu

Katika vitu vyote ambavyo binadamu amewahi kuvipaka rangi, sidhani kama kuna kinachoihitaji kidogo kuliko kalipa ya breki. Ni kile chuma kilichojikunyata nyuma ya rimu, kinachozibana pedi mbili kwenye diski mguu unapokanyaga. Hakionekani vizuri, kinapata moto, kinapakwa masizi ya pedi kutwa nzima, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuongeza bei ya gari kwa ajili yake. Hata hivyo wako watu, na hapa Garsen kwenye delta ya Mto Tana wamo, ambao siku ya mapumziko huegesha gari chini ya mwarobaini, wakalipiga jeki, wakavua magurudumu na kukipaka chuma hicho rangi nyekundu ya kung'aa. Majirani huleta viti. Wapita njia huuliza kama gari ni mgonjwa. Mimi nakusudia kumtetea mpakaji huyu, ila si kwa hoja zake mwenyewe. Yeye husema gari limependeza. Mimi nasema rangi yake haina faida hata ya kikombe cha chai, na kwamba upuuzi wake huo huo ndio ukaguzi wa maana unaozifikia breki za gari la nyumbani tangu lishuke melini Mombasa mpaka liuzwe kwa kilo.

Desturi yenyewe ilitoka kwenye magari ya mbio. Kampuni ya Brembo, iliyoanzishwa karibu na Bergamo, Italia, mwaka 1961, ilianza kuipa Ferrari breki za mashindano mwaka 1975, na miaka ilivyosonga kalipa zake nyekundu zikawa alama ya gari la mwenye nazo. Porsche wakaenda mbali zaidi, wakaifanya rangi kuwa tangazo: tangu 2001, kalipa ya njano kwao ina maana kwamba diski si za chuma bali za kauri, na kijani kikali kikaja baadaye kwa magari yanayochanganya petroli na umeme. Huko rangi inasema kitu. Sasa ihamishie kwenye Probox, gari ambalo Toyota walilitoa mwaka 2002 kwa ajili ya shughuli za kazi, na ambalo huku kwetu hubeba magunia ya maembe, mbuzi wawili, na abiria ambao idadi yao hutegemea polisi wamesimama upande gani wa daraja. Probox ina diski mbele tu. Nyuma ina ngoma. Rimu zake ni za chuma zenye vitundu, na mara nyingi zimefunikwa kwa plastiki. Kalipa nyekundu humo ndani haisemi lolote kuhusu mwendo. Inasema tu kwamba mwenye gari alikuwa na nafasi, na kopo.

Lakini tusiharakie kucheka. Pwani hii imepamba vyombo vyake tangu zamani. Mtepe, chombo kile cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, kilichorwa jicho kila upande wa omo, na sijasikia mtu akidai kwamba jicho lile lilipunguza maji ya kufua chomboni. Na serikali yenyewe, ilipoyalazimisha matatu mwaka 2004 kufuata zile kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliuweka mstari wa njano wa ubavuni pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, ikakiri hivyo kwamba rangi na usalama vinaweza kukaa kwenye karatasi moja.

Ili kuona kwa nini ujinga huu una faida zaidi Garsen kuliko Nairobi, hatuna budi kuanza na udongo. Mto Tana husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na Aberdare, na licha ya mabwawa matano ya kuuzuia njiani, kuanzia Masinga hadi Kiambere, bado hufika kwetu umebeba udongo wa watu wa juu bila kuutoza nauli. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliutandaza kila mahali, na yale ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya kwenda Lamu, magari yakapanga foleni yakitazama maji. Maji yakipungua, tope hubaki. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao ukiwa mbichi hung'ang'ania kila kitu na ukikauka huhitaji patasi. Gari likishuka tu kwenye lami kuelekea Ngao, sehemu ya kwanza kuupokea ni nyuma ya magurudumu.

Huko nyuma ndiko iliko kalipa, na kalipa ya gari la kawaida haijafungwa ikatulia, huelea. Ina pistoni upande mmoja tu, na chuma chote huteleza juu ya pini mbili nyembamba ili pedi ya upande wa pili nayo ibane. Kila pini imevishwa kigofia cha mpira chenye mikunjo. Kigofia kikichanika, tope linaingia. Chomoa pini ya gari lililovuka mafuriko uitazame kwa makini: grisi imegeuka kijivu na ina mchanga, ncha imevaa pete ya kutu, na ndani ya mikunjo ya mpira mna vipande vya udongo vilivyokauka vikachukua umbo la mikunjo yenyewe, ukivibonyeza kwa kucha vinavunjika kama biskuti. Pini ya namna hiyo haitelezi. Lakini pia haipigi kelele, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Pedi moja inalika mpaka chuma, mwenzake amebaki mpya. Gari linavuta upande mmoja, mafuta yanaisha kabla ya wakati, na dereva analaumu upepo.

Nani atakwenda kuitazama pini hiyo? Magari ya abiria na ya biashara yana ukaguzi wake wa serikali, lakini gari la nyumbani kwa kawaida huishi kwa imani. Kiwango cha taifa cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi miaka minane. Likishaingia, hakuna kanuni ya kulistaafisha. Mwenye gari huangalia tairi kwa kulipiga teke, na mafuta ya injini kwa kumuuliza kijana wa petroli. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepiga jeki, avue gurudumu na kulala chini kwenye joto la Garsen kwa ajili ya kuangalia tu. Mpakaji ndiye anayefanya hivyo, na anafanya kwa sababu rangi ina wivu: haikubali kushika juu ya grisi wala juu ya tope. Inamlazimisha asugue kwa brashi ya waya, aoshe, apige msasa, na akitaka kazi nzuri afungue nati mbili airudishe kalipa nyuma. Alikuja kutafuta urembo, akakutana na kigofia kilichochanika, bomba la mpira lenye nyufa, na pedi iliyobaki unene wa sarafu. Katibu mkuu wa wizara anaweza kuandika waraka wa kurasa arobaini kuhusu usalama barabarani asimfikishe mtu mmoja mahali hapo. Kopo moja la rangi linamfikisha kabla ya saa nne asubuhi.

Watakuja wa kusema kwamba breki si mchezo, na kwamba mtu asiyejua akizigusa ataua. Hoja hii ni nzito, na siwezi kuipita kwa mzaha tu, ingawa visa vyake vinachekesha. Mwenye rangi ya kupuliza husahau kwamba kusi haliombi ruhusa: robo ya kopo huenda kwenye kalipa, robo kwenye diski, robo kwenye kanzu ya jirani iliyoanikwa, na iliyobaki kwa mbuzi aliyekuwa akipita zake, ambaye kesho yake ataonekana sokoni ana alama isiyotambuliwa na ukoo wowote wa wafugaji. Mwenye brashi hupaka mpaka kichwa cha nati ya kutolea hewa, kisha akakifungua, mafuta ya breki yakachuruzika, na mafuta hayo yanakula rangi kuliko mchwa wanavyokula mlango. Kazi ya asubuhi nzima inashuka chini machoni pake. Mwingine huisafisha mipira kwa petroli, nayo ikavimba. Mwingine huiacha kalipa ikining'inia kwa bomba lake huku akienda kunywa chai. Na yupo anayezirudisha pistoni ndani ili pedi ziingie vizuri, akafunga kila kitu, akawasha gari kwa mbwembwe mbele ya majirani waliokaa vitini, asijue kwamba kanyagio la kwanza litazama mpaka sakafuni. Ukuta wa banda la kuku humfundisha alichokosa kuambiwa: kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka kanyagio liwe gumu, ndipo uguse gia.

Ukivipanga visa hivi, hata hivyo, utaona kwamba karibu vyote vinajitangaza. Rangi kwenye diski inaonekana kabla gurudumu halijarudi, na inafutika kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki. Jirani mwenye kanzu atasema, tena kwa sauti. Kinga yenyewe ni ndogo: funika diski kwa gazeti na tepu ya karatasi, tumia brashi badala ya kupuliza, ifunge kalipa kwa waya isining'inie, gari lilale kwenye stendi imara na si kwenye tofali, na usilete petroli karibu na mpira. Pini iliyokwama haina ukarimu wa namna hiyo. Yenyewe hungoja ng'ombe avuke barabara kwenye giza la Minjila. Nikilinganisha hatari inayoonekana mchana mbele ya mashahidi na ile inayongoja usiku, najua ninayoichagua.

Basi apelekewe fundi, wanasema. Naafiki, na fundi wa jua kali wa Garsen ana mkono mzuri kuliko wengi wanaomdharau. Lakini fundi hupelekewa gari lenye kelele. Mwambie akague breki zisizolia, atakutazama kwa huruma kisha atakuuliza tatizo ni nini hasa. Hana kosa, hakuna anayelipwa kwa kutazama. Mwenye rangi, kinyume chake, akishaiona ile grisi ya kijivu humkimbilia fundi na pini mkononi, na mazungumzo huwa mafupi:

“Fundi, hii vipi?”

“Kwani hii ilifunguliwa lini mara ya mwisho, bwana mkubwa?”

Swali hilo limeokoa watu, na bila rangi lisingeulizwa.

Kuhusu joto, wataalamu wa vijiweni husema rangi ya kawaida, ile ya kupakia geti, itaungua. Kwenye mteremko wa Mazeras ukiwa na mzigo, itaungua, itatoa moshi na harufu ya kumfanya abiria ashuke. Delta ya Tana ni tambarare. Breki za hapa hutumika kwa ngamia, matuta na vizuizi vya polisi, na kati ya kimoja na kingine zinapata muda wa kupoa. Bado nashauri rangi inayostahimili moto, kwa sababu safari za mbali zipo na Mazeras haijahama. Ila rangi ya geti ikifa Garsen, kwa kawaida haitakuwa imeuawa na joto. Itakuwa imezikwa hai na tope, mvua ya kwanza ya masika, kabla hata jirani aliyekosekana siku ile hajaiona. Na hapo ndipo kejeli ya mwisho inapogeuka upande wangu: kwa kuwa rangi haidumu, mwenye majivuno atairudia. Rangi mbovu huleta ukaguzi wa mara kwa mara. Rangi bora ya Kijerumani, yenye kudumu miaka mitano, ningeipiga marufuku kaunti nzima.

Pingamizi moja sina jibu lake kamili, nalo ni la magurudumu ya nyuma. Ngoma hazina kalipa, hazing'ai, na hakuna gari la mbio linalozionyesha. Mpakaji akimaliza mbele huosha mikono. Wakati huo huo ngoma ni chungu kilichofunikwa: maji ya tope yakiingia hayana haraka ya kutoka, na unga wa breki ukichanganyika nayo huganda kwenye springi na kwenye waya wa breki ya mkono. Majivuno yanamfikisha mtu nusu ya gari tu. Lililobaki ni kumshawishi kwamba ngoma nayo ni pambo. Kwa nje, ngoma kweli hupakwa rangi ya fedha na baadhi ya watu, nasi hatuna sababu ya kuwa wachoyo wa rangi. Zipakwe fedha, zipakwe kijani cha msikiti, zipakwe hata lile kopo lililobaki baada ya mlango wa choo, bora tu mwenyewe azivue kwanza, amwage kilichomo, na asiipake sehemu ya ndani.