Barua ya wazi kwa Profesa, mlezi wa watafiti chipukizi

Mheshimiwa sana Profesa, Msimamizi wangu, Mwenyekiti wa kamati ambazo pumzi yangu haitoshi kuzitaja, shikamoo. Na ile shikamoo ya ngazini, uliyoipokea kwa kutazama simu, naomba uihesabu pia.

YAH: SHUKRANI, PAMOJA NA OMBI DOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, mkazi wa Mkuyuni, Mwanza, mmoja wa wale unaowaita "wewe kijana". Naandika kwanza kukushukuru kwa usimamizi wako. Rasimu ya utafiti wangu umeitunza kwa uangalifu usio kifani. Mhudumu alipofungua ofisi yako afagie, niliiona pale pale nilipoiweka, haijakunjwa hata ukurasa. Nasikia wapo wasimamizi wanaowachafulia wanafunzi kazi zao kwa wino mwekundu, eti hapa fafanua, hapa ushahidi uko wapi. Yangu umeniachia ikiwa safi kabisa.

Swali langu lilikuwa la kimaskini, nakiri mbele ya hadhi yako. Nilitaka kujua kwa nini minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, ilhali mama zetu wanaokaanga mapanki hapa Mkuyuni wanalalamika kwamba hata hiyo mifupa bei imewashinda. Ulisema ni swali zuri, nije Jumatatu. Hukutaja Jumatatu ya mwezi gani, nami sikuthubutu kukubana.

Badala yake ulinipa heshima ya kubeba ndoo na mizani ya wageni wako mwaloni, alfajiri, mitumbwi ikiingia. Walipima, nikaandika namba. Walipochoka nikapima mimi, na namba nikaandika mimi. Makala yao ilipotoka nilifarijika kukuta shukrani kwa "wakazi wa Kanda ya Ziwa". Kwa kuwa ni mkazi, nimo. Nimo pamoja na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, jambo ambalo baba yangu hajaliamini hadi leo.

Nakupongeza zaidi kwa kuepuka balaa lililompata marehemu Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam miaka ya 1960. Alikwenda Sekondari ya Mkwawa, Iringa, kuzungumza na wanafunzi, kijana Erasto Mpemba akamuuliza inakuwaje maji ya moto yanawahi kuganda kuliko ya baridi. Darasa likacheka. Osborne angeweza kumwambia aje Jumatatu. Akaenda kulijaribu swali lenyewe maabara, na mwaka 1969 makala ikachapishwa kwa majina yao wawili, la kijana likitangulia! Matokeo yake wanafizikia wa dunia nzima wanahangaika na "athari ya Mpemba" mpaka leo, hawajakubaliana. Usumbufu wote huo ungezuilika kwa mlango uliofungwa vizuri kama wako.

Sasa ombi, Mheshimiwa, ambalo najua hutalisoma, na ndiyo maana naliandika bila woga.

Nimechunguza ni nani hasa anayepata malezi ya kitaaluma katika ziwa letu, nikagundua ni samaki. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuja Ghuba ya Mwanza kwa ajili ya furu, samaki wadogo wenye miiba, na wakawafuatilia miaka na miaka, spishi kwa spishi, wakirekodi hata namna sangara alivyowamaliza. Sangara naye akivuliwa kwa utafiti hupimwa urefu, hupimwa uzito, hupewa namba, na mtu msomi huinama kumtazama usoni. Akiwa chini ya sentimita 50, sheria inakataza asivuliwe, apewe nafasi akue. Sisi wa mwaka wa tatu hatuna sheria ya namna hiyo.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, naomba nisajiliwe rasmi kama sampuli: sangara, jinsia dume, eneo la uvuvi Mkuyuni. Niko tayari kulala kwenye barafu saa za kazi. Masharti yangu ni mawili tu. Namba yangu isipotezwe kama ilivyopotea ile ya usajili. Pili, katika kipengele cha chakula kilichomo tumboni, nisipasuliwe. Majibu nitayatoa kwa mdomo: ugali na dagaa mwanzo wa muhula, chai kavu kuanzia katikati, mkopo unapochelewa.

Endapo nafasi za sangara zimejaa, nitakubali kuwa furu.

Wako mtiifu, mwenye urefu wa sentimita 171,

Mkazi wa Kanda ya Ziwa

Nakala: Sangara wote, Ghuba ya Mwanza – kwa taarifa.