Njia Tano za Dawa, Kutoka Kidonge Hadi Shavu la Mla Miraa

Dawa haina miguu. Njia unayoipa ndiyo huamua itafika lini, kiasi gani, na itakaa mwilini kwa muda gani. Meru na Embu njia zote tunazo, nyingine hospitalini, nyingine kwenye kibaraza cha duka. Nimezipanga kwa jinsi zinavyonistaajabisha, tukihesabu kurudi chini. Mwenye ubishi aje Maua, chai nitalipa mimi.

5. Kidonge

Kipenzi cha wengi, ila safari yake ni ndefu. Tumbo hukiyeyusha, utumbo hukifyonza, kisha damu ya utumbo hupelekwa kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Ini ni kizuizi cha ushuru wa kaunti: mzigo haupiti bila kupunguzwa. Na kuna dawa zisizosafiri bila mwenzi. AL ya malaria, ambayo Kenya iliichagua kuwa dawa ya kwanza mwaka 2004, ina lumefantrini, na lumefantrini hupenda mafuta. Ikiandamana na chakula chenye mafuta hufyonzwa hata mara 16 zaidi kuliko kwenye tumbo tupu. Ndiyo sababu unaambiwa uimeze kwa maziwa. Na ukiwa Embu msimu wa maparachichi, kisingizio huna.

4. Inhela

Kidonge cha salbutamoli, dawa ya pumu, kina miligramu 4. Mipulizo miwili ya inhela ni miligramu 0.2 tu, sehemu moja ya ishirini, na nafuu huja baada ya dakika chache kwa sababu dawa imekwenda palepale penye shida. Asubuhi ya baridi pale Timau, nani ana muda wa kulisubiri ini? Ila uvute pumzi polepole unapobonyeza. Usipovuta, umeutibu ulimi, na ulimi haukuwa mgonjwa.

3. Sindano ya insulini

"Kwa nini wasitutengenezee kidonge?" Swali hili husikika kila kliniki ya kisukari. Insulini ni protini, na tumbo halibagui: litaisaga pamoja na nyama ya mbuzi uliyokula mchana. Hivyo huwekwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, iingie damuni polepole. Mgonjwa wa kwanza alidungwa Toronto, Januari 1922, mwaka uleule daktari Archibald Irvine alipoanzisha misheni ya Chogoria. Usidunge mahali pamoja kila siku, maana patafanya uvimbe na dawa itafyonzwa ovyo. Tumbo ni pana, lizunguke.

2. Depo na kipandikizi

Bado tupo Chogoria, maana miaka ya 1980 watafiti waliandika juu ya eneo hili kwa jinsi uzazi wa mpango ulivyopokewa. Depo ni fuwele ndogo sana zinazoachwa ndani ya msuli, zikiyeyuka taratibu kwa miezi mitatu. Kwa hiyo, dada, usipasugue pale ulipodungwa: utaiharakisha. Kipandikizi cha Jadelle, vijiti viwili chini ya ngozi ya mkono, hutoa homoni kidogo kidogo kwa miaka mitano. Sijui mfanyakazi mwingine mwenye subira hiyo.

1. Shavu

Naam, shavu! Muda mrefu kabla ya maabara, wakulima wa Igembe na walaji wa muguka kule Mbeere walikuwa wameimudu njia hii. Ukitafuna, mate huitoa kathinoni, kichangamshi cha miraa, kwenye jani, na sehemu kubwa yake hupenya utando laini wa shavu na kuingia damuni bila kupita kwenye ini kwanza. Kwa kuwa jani hutafunwa kidogo kidogo, kiwango hupanda taratibu na kufika kileleni baada ya saa mbili hivi. Handasi, yaani ule msisimko wa miraa, haiji kwa haraka za mtu. Moyo nao huenda mbio na presha hupanda, kwa hiyo mzee wa presha, ukiambiwa uache, acha.

Lakini kathinoni haidumu. Siku mbili tatu baada ya kuvunwa huwa imegeuka kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ibaki na unyevu, na ndiyo maana ukiona pikapu ya miraa kwenye kioo chako, sogea kando. Dereva anashindana na kemia.

Njia hiyohiyo hutumiwa hospitalini. Mgonjwa wa moyo anayebanwa na kifua huwekewa nitrogliserini chini ya ulimi, maana akiimeza, ini litaimaliza karibu yote.

Halafu nambari moja humchokoza nambari tano. Utafiti uliofanywa Yemen na kuchapishwa 1997 ulionyesha kwamba ukimeza antibiotiki ya ampisilini huku unatafuna, utumbo hufyonza dawa kidogo kuliko kawaida, na watafiti wakashauri imezwe saa mbili baada ya kutafuna. Basi kijana, ukifika kwa kemisti na shavu limejaa, litoe kwanza ndipo useme unaumwa wapi.