Jinsi ya Kumtibu Mtu Aliyeridhika

Kila ukoo una mmoja. Tuseme wa kwenu ni fundi cherehani, ana baraza la kukodi Magomeni na Singer moja ya kukanyaga. Anashona sare za shule, anapunguza suruali, anabadilisha zipu. Akikwambia nguo njoo uchukue Alhamisi, Alhamisi unaikuta imepigwa pasi. Jioni anafunga, anakwenda kijiweni, anakunywa kahawa kwa kashata na kubishana kuhusu Simba na Yanga mpaka adhana ya isha, kisha anarudi nyumbani kulala. Na usingizi anaupata. Ukimuuliza maisha vipi anajibu kwamba anamshukuru Mungu, na hata ukimkodolea macho huoni kama anakuficha kitu.

Huyo ni mgonjwa. Karne hii mtu hatakiwi kutosheka, anatakiwa kuwa mkuu, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu wenye mapenzi mema wanaotaka kumsaidia kabla hajawaambukiza watoto.

Kwanza hakikisheni ugonjwa ndio wenyewe, maana wengi mnaodhani wameridhika wamechoka tu. Mama ntilie anayeinjika maharage saa tisa usiku hajaridhika, wala hatafuti ukuu. Anatafuta kodi ya miezi sita, ambayo mwenye nyumba anaitaka kwa mkupuo. Wapo wanaomwambia mtu kama huyo kwamba kinachomkwamisha ni fikra zake, tena wanamtoza kiingilio ili aje kuambiwa. Sisi hatutibu watu wa namna hiyo. Ukimwonea huruma, mlipe deni lake la wali. Mgonjwa wetu ni yule ambaye kinachoingia kinamtosha, kwa kubanabana, naye haoni aibu.

Tiba huanza kwa swali: miaka mitano ijayo utakuwa wapi? Atajibu, "Si hapa hapa, Mungu akipenda," huku sindano ikiendelea kwenda. Msikate tamaa. Mwulizeni tena mbele ya mkewe, kwa sauti ya upole, halafu mnyamaze. Baada ya hapo mtajeni yule aliyesoma naye darasa la saba ambaye sasa anaendesha V8. Msiseme kama gari ni la ofisi.

Kazi inayofuata ni kusafisha nyumba, na hapa familia nyingi hushindwa. Wanaficha redio, wanaficha bao, wanasahau kanga. Mgonjwa anaamka asubuhi, anaketi kunywa chai, na mbele yake inapita nguo kutoka jikoni kwenda uani, imeandikwa kwamba sisi sote abiria, dereva ni Mungu. Kesho yake imeandikwa riziki haivutwi kwa kamba. Kitabu gani cha mafanikio kitashindana na maandishi yanayosomwa kila siku, tena yamevaliwa na mtu anayempenda? Nunueni doti mpya yenye "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", na mwombeni shemeji zile za zamani azivae akienda msibani tu.

Vitabu vya ukuu vinasisitiza sana kuamka alfajiri. Hapa patakuwa na tatizo dogo: mgonjwa anaamka saa kumi na moja tangu ujana wake, na saa hiyo daladala za Mbagala zimeshajaa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wakuu. Mwelezeni kwamba kuamka kwake hakuhesabiwi kwa kuwa hakutangazwi. Apige picha ya kikombe kwenye giza, aiweke kwenye status, aandike mapambano yanaendelea. Kisha anaruhusiwa kurudi kulala.

Sasa mifano ya wakuu. Hii ni dawa kali na ina masharti, kwa sababu wakuu wenyewe hawaaminiki. Mchukueni Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kulifanya. Ishieni hapo hapo. Mkiendelea, mgonjwa atagundua kwamba bwana huyu, akiwa tayari ni tajiri na bingwa wa Olimpiki, aliendelea kuishi na wenzake kwenye kambi isiyo na makuu huko Kaptagat, na zamu yake ya kusafisha choo ikifika, alisafisha. Fundi akisikia hivyo atafurahi kupita kiasi. Atasema kumbe yeye na Kipchoge ni mamoja, wametofautiana mbio tu. Nimewaona watu walioiga viatu vya Kipchoge, saa yake na maneno yake. Aliyeiga zamu ya choo bado sijamwona.

Hatari zaidi ni John Stephen Akhwari. Mtanzania huyu alikwenda Mexico City mwaka 1968 kukimbia marathoni ya Olimpiki, akaanguka njiani, akaumia goti, akaingia uwanjani akichechemea na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Katika waliomaliza, yeye ndiye aliyefunga mlango. Kwa kanuni zetu alipaswa kusahaulika jioni ile ile. Badala yake dunia inamtaja mpaka leo, na aliyeshika nafasi ya pili nenda kamuulize mtu yeyote kijiweni kama atakutajia jina. Halafu, kana kwamba hajatuharibia vya kutosha, akarudi Mbulu kulima. Mficheni mgonjwa habari hizi. Mwalimu Nyerere mnaweza kumtumia, lakini mwisho 1985. Akishatoka Ikulu na kushika njia ya Butiama, shambani kwake, fungeni kitabu.

Mgonjwa sasa yuko tayari kwa semina. Itakuwa kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, na mhamasishaji atakuwa na kipaza sauti cha kubana shavuni. Ukumbi mzima utaambiwa umezaliwa kuwa namba moja. Wakati huo kaeni karibu na mgonjwa, asije akaanza kupiga hesabu. Atatakiwa amgeukie jirani na kumwambia wewe ni mkuu, jirani atamrudishia hivyo hivyo, na wakuu wote wawili watarudi nyumbani kwa mwendokasi, wamesimama.

Dawa ikishika mtaiona. Atachapisha kadi zinazomtaja kuwa Mkurugenzi Mtendaji. Atatafuta mtaji, na kwa kuwa benki itataka hati ya nyumba asiyokuwa nayo, ataupata kwa wale wa kausha damu, ambao hawana maswali mengi mpaka tarehe ifike. Ataweka kijana kwenye cherehani ili yeye apate nafasi ya kuwaza makubwa. Kijiweni hataonekana, na akipita atapita simu ikiwa sikioni. Usiku atakuwa macho, na hilo lisiwatishe: wahamasishaji wanasema usingizi ni wa maskini, kwa hiyo kukesha ni dalili ya kupona. Mkimuuliza maisha vipi, atawajibu kwa kirefu.

Inawezekana akafanikiwa, sikatai. Wapo walioanza na cherehani moja wakaishia na karakana nzima. Ila hao hawakuhitaji mwongozo huu. Walipenda kushona hata mchana ukawa hauwatoshi, na ukubwa ukawakuta wameinamia kitambaa, wakaushangaa kidogo, wakaendelea kukata. Njia hiyo ipo, lakini ni ya polepole na haina kiingilio, kwa hiyo hatuwezi kuipendekeza.

Limebaki jambo moja la kuwatangazia majirani kabla tiba haijaanza. Mwenye suruali yake pale barazani akaichukue leo, hata kama imepunguzwa mguu mmoja.