Nyonyo Jikoni

Baba watoto aliendesha bajaji kutwa nzima na pedi yangu ikiwa kwenye dashibodi. Ilikuwa masika, mvua inapiga, kioo kinajaa ukungu, naye asubuhi alipopita uani aliona kwenye kamba kitambaa kinene chenye maua maua, akakianua akaondoka nacho. Akawa anafutia kioo. Abiria wa kike, kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa wanakitazama halafu wanageukia nje kutazama mvua. Mmoja aliomba kushushwa kabla ya kituo. Jioni akaingia ndani anakipunga: "Mama watoto, hiki umekinunua wapi? Kinanyonya maji balaa!" Nikamwambia kazi yake. Alikaa kwenye kochi kwa muda, kisha akauliza kama kilikuwa kisafi. Kilikuwa kisafi kuliko kioo chake.

Hizo pedi za kufua nilizileta nyumbani kwa sababu ya hesabu. Wanawake humu ndani tuko watatu: mimi, wifi yangu anayesoma chuo, na binti yetu aliyevunja ungo mwaka jana. Pakiti ya pedi za kutupa ni shilingi elfu mbili, elfu tatu, na ukipiga hesabu ya watu watatu kila mwezi, unakuta kuna fedha inatoka mfukoni kwenda moja kwa moja jalalani. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18, kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikairudisha, maelezo yakiwa kwamba bei dukani haikushuka na nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Wenzetu wa Kenya waliifuta yao tangu 2004. Nikachoka kukaa na redio kila Juni nikisubiri bajeti kama watu wanavyosubiri matokeo ya Simba na Yanga. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa anazishona: juu pamba, katikati matabaka ya taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa mawili yenye vifungo vya kubana chini ya chupi. Nikachukua za kutosha watu watatu.

Zinavaliwa vizuri. Niliseme hilo mapema ili lawama ziende panapostahili. Pedi ya kutupa haikuwahi kuidai nyumba yetu chochote zaidi ya kipande cha gazeti cha kufungia. Hii ya kufua inadai beseni lake peke yake, kwa sababu ni lazima ilowekwe kwanza kwenye maji baridi. Ukianza na ya moto, damu inagandia kwenye nyuzi na haitoki tena. Inadai maji ya kusuuza mpaka yatoke meupe, katika nyumba ambayo maji ni ya mgao na madumu yana wenyewe. Inadai jua kali, ikauke mpaka ndani, la sivyo inavunda. Na jua la kwetu liko mahali pamoja tu: uani, kwenye kamba ya wote, mbele ya wapangaji wa vyumba sita. Fundi aliponitajia bei hakulitia hilo.

Wifi akaja na akili ya bibi zetu: tutandaze khanga kwenye kamba, pedi zikae chini yake. Sawa. Lakini chini ya khanga hakuna jua, na masika yalikuwa hayajaisha. Tukazimalizia kwa pasi, umeme ukakatika. Siku tulipoamua kuziacha wazi kwa saa mbili tu, ndipo baba watoto alipopita.

Baada ya aibu ile wifi akaleta kikombe. Alikiona famasi, akajibana kwenye fedha yake ya matumizi, akaninunulia mimi. Nilipomuuliza kwa nini asianze yeye, akasema mimi ndiye niliyezaa.

Kikombe cha hedhi ni kitu kidogo cha silikoni, laini, chenye mdomo wa duara na kimkia chini. Unakikunja, unakiingiza, kinajifungua chenyewe ndani na kukinga damu badala ya kuinyonya. Unaweza kukaa nacho kwa saa 8 hadi 12, unamwaga, unakiosha, unakirudisha, na kikitunzwa kinaweza kufika miaka 10. Wala si uvumbuzi wa jana. Mwigizaji mmoja wa Marekani, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe chake mwaka 1937, kikiwa cha mpira. Vikaja Vita Vikuu vya Pili, mpira ukawa adimu, biashara ikalala. Hayo yote nimeyapata kwa wifi, ambaye akishika jambo halisomi nusu. Ni yeye pia aliyeniambia kwamba mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilitoa mapitio ya tafiti 43 zenye washiriki wapatao 3,300, na kwamba wengi waliokijaribu walitaka kuendelea nacho, ila kukizoea huchukua miezi kadhaa. Sehemu ya miezi aliifikia nikiwa tayari bafuni.

Bafu letu ni la nje, mlango wa bati, komeo la msumari. Kuingia, kiliingia. Kutoka sasa. Nilivuta kimkia, hakikuja. Nikavuta tena, nikahisi kizazi chote kinataka kunifuata. Jasho likanitoka. Mpangaji mwenzangu akagonga na ndoo yake: "Hodi, mwenzetu, kuna amani humo?" Nikasema amani ipo. Wifi akaja kusimama mlangoni na simu mkononi, akanisomea maelekezo kwa sauti ya chini, ambayo kwa wifi yangu ni sauti ya mnadani: "Usivute! Minya chini kwanza, hewa iingie! Halafu usiogope, hakiwezi kupotea, mlango wa kizazi ni mdogo, hakina pa kwenda!"

Uani wote ukajua kuna kitu changu hakina pa kwenda.

Nikachuchumaa, nikashusha pumzi, nikaminya kwa vidole viwili pale chini, kikatoka kwa kishindo, na ukuta wa bafu ukahitaji ndoo mbili. Mwenzangu wa ndoo alipoingia baada yangu aliniambia pole. Sijui alidhani nini, na sikumuuliza.

Sasa, kikombe hiki huchemshwa kwa dakika kama tano hedhi inapoanza na inapoisha. Nikakitengea kisufuria kidogo, nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wake ili mtu asije akachemshia maziwa. Humu ndani wote waliujua uzi. Asiyeujua alikuwa Tanga.

Mama mkwe alifika bila taarifa, na basi la asubuhi, amebeba nazi na mihogo. Mimi nilikuwa chumbani natandika. Akaingia jikoni kujitengea chai, akakuta kisufuria kinatokota, akafunua. Mle majini kinaelea kitu laini cha silikoni, kina ncha. Akachungulia dirishani: kwenye kamba kuna vitambaa vidogo vya maua, vya saizi ya kumfuta mtoto mate, vina na vifungo. Mama huyu amezaa watoto saba. Nyonyo inachemshwa, nguo za kichanga zimeanikwa. Alitaka ushahidi gani zaidi? Akafunika kisufuria taratibu, akanipokea kwa kumbato ambalo sikuwa nimelipata hata siku ya harusi.

Hakuniuliza kitu, maana mimba changa haitajwi. Akapiga simu Tanga kuitaja.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kushikwa mkono. Nikiinua ndoo, napokonywa. Ndimu zikaanza kutokea kando ya sahani yangu, na kifuko cha udongo wa kula nikakikuta chini ya mto. Binti yangu akakanywa asinijibu kwa ukali kwa kuwa "mama yako siku hizi hayuko peke yake". Akaenda kuchungulia chumbani kuna nani. Mimi nilidhani ni utu uzima umemlainisha mama wa watu. Nikala ndimu zangu nikashukuru.

Baba watoto naye akapigiwa simu na mjomba wake. "Hongera sana, bwana! Umetuficha!" Ikasadifu kwamba wiki hiyo ndiyo alikuwa amemaliza mkataba wa bajaji, baada ya kumpelekea tajiri hesabu ya kila siku kwa muda mrefu. Akajibu kwa furaha: "Asante, mjomba. Nimehangaika nayo sana, watu wengi wameipanda, lakini sasa ni yangu rasmi." Upande wa pili simu ikanyamaza.

Mwezi ukapita hivyo. Kisha siku zangu zikaingia.

Mama mkwe huamka alfajiri na kutuamsha sote kwa kikohozi. Siku hiyo hakusikia nikitia udhu. Adhuhuri hakuniona kwenye mswala. Alasiri akanitazama niko tu nachambua mchele. Mwenye mimba anaswali, asiyeswali ana hedhi, na mwenye mimba akiona damu kuna jambo moja tu. Kabla mchele haujaisha alikuwa amejifunga khanga kiunoni, mkoba kwapani, amesimama mbele yangu: "Mwanangu, usinyanyuke kwa haraka. Mume wako yuko njiani. Tunakwenda hospitali."

"Mama, nani anaumwa?"

"Usiongee. Inatoka, lakini Mungu ni mkubwa."

Baba watoto akaingia uani na bajaji mpaka mlangoni, na abiria ndani, dada mmoja aliyekataa kushuka kwa kuwa alishalipa nauli. Wapangaji wakatoka. Nikauliza, mbele ya umma huo, ni kitu gani kinachotoka.

"Mimba!"

"Mimba ya nani?"

Swali hilo lilitafsiriwa vibaya. Uani wote ukageuka kumtazama baba watoto, na baba watoto akageuka kunitazama mimi.

Ilibidi nimpeleke mama mkwe jikoni. Nikamwonyesha kisufuria, uzi wake, na kikombe cha akiba ambacho wifi alikwisha kujinunulia baada ya kuona mimi nimepona. Akakishika, akakibonyeza, akakiinua kwenye mwanga. "Hiki kinakaa wapi?" Nikamweleza kwa heshima yote inayowezekana baina ya mkwe na mkwe. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akakirudisha kwenye sahani. Yule abiria alikuwa ametufuata mpaka mlangoni. "Samahani, dada, famasi gani hiyo?"

Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi. Akasema enzi zao ilikuwa vipande vya khanga chakavu, vinakunjwa, vinashikizwa kwenye uzi wa kiunoni. Somo wake ndiye aliyemfundisha, na la kwanza alilomfundisha lilikuwa kuvificha. Walifua usiku. Walianika uvunguni, kwenye giza, na asubuhi wakavivaa vingali vibichi. Alikuwa akiwashwa usichana wake mzima, na hakumwambia mtu, maana angemwambia nini. Kesho yake aliondoa khanga yote juu ya kamba yetu, akazipanga pedi mstari wa mbele kwenye jua, na mpangaji wa kiume aliyeguna akaulizwa kama yeye aliokotwa.

Kuhusu kikombe alikuwa na msimamo wake: mjukuu wake atavaa vitambaa, hicho kingine asubiri aolewe. Wifi akafungua mdomo kueleza habari za bikira. Nikamkanyaga mguu, ugomvi mmoja kwa siku unatosha. Binti mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikuwa ameshachagua pedi zake na kuziandika jina kwa kalamu ya wino.

Ikabaki Tanga. Huko walikuwa wamekwisha kuchanga, na kifurushi kimepakiwa kwenye basi: fulana za kichanga, doti ya khanga, na beseni la kuogeshea lililofungwa kwa kamba ya katani. Baba watoto akamwomba mama yake apige simu awaeleze ukweli.

"Niwaeleze nini? Kwamba nimeona nyonyo jikoni, kumbe ni kikombe cha hedhi cha mkwe wangu? Nimwambie hivyo mjomba wako?"

"Sasa tufanyeje, mama?"

Akafikiri, akaanza kukunja mswala wake.

"Nyinyi bado vijana. Na Tanga wanahesabu mwezi wa pili tu. Fanyeni haraka."