Sifa za Laini

Wapo waliosifu dhahabu, wapo waliosifu majahazi, na wafalme hawajawahi kukosa wa kuwasifu. Mimi nasifu laini: neno la Mwingereza, fupi, la bei rahisi, lililopanda kilima cha Mulago, Kampala, pamoja na wakoloni, na wao walipofungasha virago likabaki.

Najua kombe la neno lenye maana nyingi kuliko yote limekwenda kwingine. Kamusi kubwa ya Oxford ilipochapishwa upya mwaka 1989, mbeba mzigo mkuu alikuwa set, kitenzi chenye maana zipatazo 430. Wahariri wa toleo linalofuata wamemvua taji wakamvika run, maana 645. Wapongezwe wote wawili. Lakini nyingi ya maana hizo zimelala kwenye karatasi zikimsubiri mtahiniwa. Za laini huamka saa kumi na moja alfajiri, zikapanda teksi ya Wandegeya, na saa moja ziko kwenye geti la hospitali ya Mulago zikiuliza kama daktari amefika.

Ukoo wake si wa kujivunia. Kwa Kilatini linum ni kitani, mmea wa kusokotea uzi, na laini ya kwanza ilikuwa uzi huo ukivutwa ili fundi ajue pa kukata. Neno lilipofika kwetu likakuta Kiswahili kina laini yake, iliyotoka Uarabuni, maana yake kitu kisichokwaruza. Ndiyo maana mgeni wa Tanga au Mombasa aliyekuja Mulago kumwona ndugu, akiambiwa aende kwenye laini, hushukuru. Anadhani amepelekwa mahali pa kupumzikia.

Laini ya Mulago anayokutana nayo mtu kwanza ni ile ya kungoja. Hospitali hii ilianza mwaka 1913 kwa kutibu magonjwa ya zinaa, na mwaka wa uhuru, 1962, ghorofa kubwa la Mulago Mpya likafunguliwa upande wa chini. Tangu hapo majengo yamekarabatiwa, wizara imepita mikono mingi, wodi zimehamishiwa Kawempe na Kiruddu. Laini haijahama. Tena imejifunza kusimama bila watu. Mgonjwa hununua daftari, la aina ileile anayonunuliwa mtoto wa shule, na humo ndimo daktari ataandika. Daftari linawekwa mezani, juu ya la mwenzako, na kuanzia hapo ndilo linalopanga laini kwa niaba yako. Wewe kakae kivulini, nunua chai, jikune. Ni uvumbuzi ambao sijaona ukisifiwa popote: mwili umepumzishwa, haki ya mwili imebaki imesimama. Kasoro yake ni moja. Anayekuja kulichukua rundo akiligeuza chini juu kabla ya kuita majina, aliyefika alfajiri anakuwa wa mwisho, bila hata kungoja ufalme wa mbinguni. Watu huguna. Hawaondoki.

Na laini hii ni chuo. Humo mtu wa Mbarara hujifunza kusalimia kwa Kiganda cha adabu, mama wa Arua humfundisha binti wa Kampala namna ya kumbeba mtoto mwenye homa, na wote hujua bei ya matooke kabla mfanyabiashara wa soko la Nakasero hajaijua. Haina ubaguzi wa kabila wala dini. Ubaguzi wake ni mdogo tu, kwa wale wenye mtu ndani, ambao hupita ukutani wakitabasamu kwa haya na kusema wanaulizia kitu mara moja.

Ukifanikiwa kuingia wodini usidhani umeachana nayo. Humo laini ni mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa wa mkono na kuleta maji, dawa na damu. Musawo, yaani daktari au muuguzi kwa Kiganda, anasema laini imeziba, laini imetoka, tumtafutie nyingine. Kwa mtoto mchanga aliyekaukiwa maji hutafutwa hata kichwani, chini ya nywele zile za kwanza, na hapo utamwona muuguzi mwenye miaka ishirini ya kazi akishusha pumzi kabla ya kuchoma. Laini ya nje inataka subira. Hii inataka mwanga, mkono usiotetemeka, na ndugu aliyetumwa dirishani kwa mwenye duka la dawa akarudi na saizi sahihi ya sindano.

Sasa mchukulie mjomba aliyefika usiku kutoka Luweero. Musawo anamuuliza, kwa Kiingereza chepesi cha wodini, laini iko wapi. Majibu ya haki ni kadhaa: iko mkononi mwa mgonjwa, iko nje inamalizikia kwenye ngazi, iko nyumbani kwenye simu ya mke wake. Mjomba hutoa simu, akaifungua mgongo, akaonyesha kadi. Hakuna mwenye kosa. Neno limetii amri zote kwa mpigo mmoja, na ni watumishi wangapi wa umma tunaoweza kuwasifia hivyo?

Kadi ile haikuwa upuuzi, maana bila laini ya simu mgonjwa wa Mulago ni yatima. Simu za mkononi zilianza Uganda mwaka 1995 na Celtel, MTN wakafuata 1998, na watu wakawa na laini mbili mbili kwa kuwa kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikula pesa. Mwaka 2009 pesa zenyewe zikaanza kupita humo. Tangu hapo ukoo mzima unaweza kukusanyika kitandani bila mtu kutoka shambani: shangazi anatuma elfu kumi, kaka aliye Dubai anatuma zaidi na kuuliza maswali zaidi. Mwenye kumuuguza husikika kwenye korido akisema, tuma kwenye laini hii, ile nyingine ina mkopo, itameza. Serikali nayo si kipofu. Mwaka 2018 ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtu atakayetumia mitandao ya kijamii, na nyingine juu ya pesa za simu. Hawatozi kodi kitu kisicho na thamani.

Wataalamu watasema huu ni umaarufu wa mitaani. Basi niwapeleke maabara. Mwaka 1957, hapo hapo Mulago, tabibu Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, amtazame mtoto aliyevimba taya zote. Wiki chache baadaye Burkitt akaona mwingine wa namna ile Jinja. Aliandika habari za uvimbe huo mwaka 1958, kisha akataka kujua ugonjwa unakomea wapi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapakia gari la mtumba na kuendesha wiki kumi, kilomita kama 16,000, mpaka Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali na picha za watoto mkononi: mmewahi kuona hii? Walichokuwa wakiwinda kilikuwa laini. Wakaipata, imepinda, inapita palipo na joto na mvua na kukwepa nyanda za juu zenye baridi, ikifuatana kwa karibu na malaria. Mfalme gani amechorewa mpaka kwa taabu hiyo?

Mwishoni mwa mwaka 1963 kipande cha uvimbe wa namna hiyo, wa mtoto wa Uganda, kilisafirishwa kwa ndege ya usiku kwenda London, kwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester. Chupa ilipomfikia alasiri maji yake yalikuwa yameingia wingu, na mtu mwenye haraka angesema yameoza akamwaga. Epstein akayatia chini ya hadubini. Yalikuwa yamejaa seli hai, zinaelea. Yeye na mwenzake Yvonne Barr wakazikuza, zikaendelea kugawanyika bila kikomo, na kitu hicho sayansi inakiita, kumbe vipi tena, laini. Laini ya seli. Waliipa herufi za majina yao, EB. Bert Achong wa Trinidad ndiye aliyefanya nao kazi ya kuvitazama humo virusi kwa hadubini ya elektroni, na makala ya mwaka 1964 ina majina yao watatu. Lakini virusi vilipokuja kupewa jina vilifuata jina la laini, kwa hiyo dunia nzima inamjua Epstein na Barr, Achong akaachwa mlangoni. Wanaobisha kwamba laini haina mtu ndani wasome habari hiyo.

Juu ya kilima kilekile, katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza iliyofunguliwa 2004, laini imepata cheo cha namba. Wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi husema yuko fasti laini, au amehamia sekandi laini, kama watu wanaotaja madaraja ya treni. Fasti laini ni mchanganyiko wa kwanza wa dawa, ambao tangu 2018 Uganda imeujenga juu ya dolutegravir. Virusi visipotii, mtu huhamishiwa wa pili, halafu wa tatu. Hapo ndipo neno hili linapoonyesha ubingwa wake. Nje watu wanasukumana kwa viwiko wasogee mbele hatua moja. Ndani, mita chache tu, anayesogezwa mbele hupewa pole na kuitwa chumba cha ushauri, na mwerevu ni yule aliyekaa miaka kumi pale pale alipoanza.

Kuhusu kura nitasema kidogo. Julai 2018 wapiga kura wa Uganda, pamoja na wa mitaa inayoizunguka Mulago, walichagua wenyeviti wa vijiji kwa kusimama nyuma ya wanaowataka. Laini ilikuwa na urefu wake, kila mtu akaihesabu kwa macho. Wakenya walijaribu kura ya namna hiyo, wakaiita mlolongo, mwaka 1988, na wanakumbuka jinsi laini fupi zilivyoshinda ndefu. Hapo aliyedanganya ni mtangazaji. Laini haikusema neno.

Uvumilivu wake nao una rekodi. Mashine pekee ya mionzi ya saratani nchini, iliyokuwa Mulago, iliharibika mwaka 2016. Laini haikuharibika. Ilinyooka mpaka Nairobi, kwa waliopata nauli na nafasi, na mashine mpya ilipofungwa ikarudi mahali pake, ikakutana na ncha yake nyingine ambayo haikuwahi kuondoka.

Wamebaki maadui zake, nao ni watetezi wa Kiswahili safi. Nawaheshimu. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na kutaka kisomeshwe kwa lazima, kwa hiyo watakuja wengi zaidi, wakiwa na kalamu nyekundu. Watasema tuseme foleni. Vizuri, ila foleni ni sajenti wa Kiingereza akiwaamuru askari wake wajipange. Tuseme mstari? Huyo naye alipanda jahazi kutoka Arabuni na rula mkononi. Mlolongo umeshachukuliwa na Wakenya, na una kesi. Mzee mmoja wa lugha aliniambia bora msururu, nikamjibu ni neno zuri sana, nalipenda, tatizo ni kwamba ukilitamka Mulago watu watatu watageuka kukuangalia, na mama wa nyuma yako, ambaye hana mjadala wa lugha, atakuwa ameshaliweka daftari lake juu ya lako.